Mhadhiri wa Kwanza wa Lukwiso

Usiku wa kuamkia jana niliota ninatafutwa na jiwe la msingi.

Mimi ni Subilaga, mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Dodoma. Jiwe lilinikuta darasani. Likabisha hodi, likavua kitambaa chake, likasema linatoka Lukwiso, kijijini kwetu, kwenye chuo ambacho hakijajengwa.

"Nimewekwa mara nne," lilisema. "Wageni rasmi wanne, ngoma mara nne. Ukuta sijauona hata mmoja."

"Pole."

"Nimeshapoa. Tume ya vyuo inakuja saa sita. Kitivo kikikosa mhadhiri, chuo kinapelekwa mkoa mwingine, na mimi nahamishwa nacho. Mimi ni mzito, mwanangu. Safari siziwezi."

Nikaliambia kwamba siwezi kurudi, nimeshajenga Dodoma, nina mume, nina mchicha haujavunwa. Nikafungua mlango ili nilitoe nje, tukatokea Lukwiso, kwenye shamba la viazi la marehemu baba.

Baba alilitoa shamba hilo kwa ajili ya chuo nikiwa darasa la tatu. Kila Jumamosi alikwenda kufyeka nyasi, wajenzi wakija wasipate taabu. Alifyeka miaka kumi na tisa. Wajenzi hawakuja.

Sasa yupo, anafyeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Suba. Usikanyage hapo, ni maktaba."

Mama mmoja wa tume anafika na faili kwapani. Anapiga goti, anachota udongo, anauonja.

"Una rutuba," anasema. "Kitivo kipo. Kiti cha profesa?"

Baba anafudikiza ndoo ya viazi.

"Kipo," anasema yule mama. "Mhadhiri?"

Jiwe linanitazama. Baba anaendelea kufyeka, haniangalii, kama alivyofanya siku nilipohamia Dodoma. Naenda kukaa kwenye ndoo.

"Yupo. Mhadhiri mwandamizi?"

"Ni mimi," anasema baba, anakuja kusimama nyuma yangu. "Namwandama huyu."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

Yule mama anaandika. "Wanafunzi siwaoni."

"Hawajachomoza," anasema baba. "Afundishe kwanza."

Nikaanza kufundisha milima ya volkano. Nilipofika kwenye majivu, vichwa vikachomoza kwenye matuta, kisha mabega, kisha madaftari. Nikapaza sauti ili na wa matuta ya mwisho wasikie. Binti mmoja, bado yumo ardhini hadi kiunoni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mlima ukizimika, joto lake linakwenda wapi?"

Niligeuka kumwangalia baba, naye akawa ananisubiri kama wengine.

"Nitakujibu kipindi kijacho," nikasema.

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

Yule mama akagonga mhuri juu ya jiwe. Jiwe likashusha pumzi, likazama ardhini taratibu, kama mtu anayekaa baada ya kusimama siku nzima.

Nilipoamka, mume wangu Gwakisa alikuwa anapiga pasi shati lake.

"Umenifundisha volkano usiku kucha," alisema. "Nimeelewa kidogo."

Nikachukua simu. Kulikuwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua: *Shikamoo mwalimu. Tumeshakaa, tunakusubiri wewe tu.*

Niliusoma mara mbili. Kisha, nikiwa bado ndani ya shuka, nikajibu: *Marahaba. Niko njiani.*