Dawa za Watu Wawili

Nekoye alifika Saboti na begi la glavu na nyuzi za kushonea vidonda, akidhani kazi ya kujitolea ni damu. Alikuwa muuguzi Bungoma, mkaaji wa Kanduyi, na likizo yake ya mwaka ndiyo aliyoitoa. Alikuwa amejiandikisha na kufunzwa na kikosi cha wahudumu wa afya wa kujitolea, kwa hiyo mlima ulipoporomoka akapigiwa simu. Lakini maporomoko hayaachi majeruhi wengi. Yanaacha waliofukiwa na waliotoka mbio bila viatu.

Asubuhi aliwekwa kuosha nyuso za maiti kabla hazijapelekwa Kitale. Aliosha uso wa mwanamume mmoja, akasoma kitambulisho kilichokuwa mfukoni: Mbogo Kiragu. Nekoye alingoja uchungu uje, haukuja. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Akaosha mwingine.

Mchana alipelekwa shule ya msingi walikohifadhiwa manusura, akawakuta wamenuna. Wabwile, tabibu wa kikosi, mtu mwema ila mdomo hauna breki, alikuwa amesimama katikati ya darasa akauliza nani anatumia ARV anyooshe mkono apewe nyingine. Mbele ya wakwe, majirani na wazee wa kanisa. Mkono gani ungeinuka? Na dawa zenyewe zilikuwa chini ya matope, na kila siku iliyopita bila dawa ilivipa virusi vya UKIMWI nafasi.

Nekoye hakumgombeza, hakuwa na nguvu hizo. Alisema tu kila mtu mzima apimwe presha, mmoja mmoja, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, mlango ukiwa umefungwa. Humo ndimo mtu angeulizwa dawa alizopoteza, na walio nje wasijue nani amepewa nini.

Wacuka aliingia akimwacha mama mkwe wake kwenye benchi la nje. Akapimwa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ARV zake huchukua Kitale mjini, mbali na macho ya watu. Nekoye akamtolea kopo.

“Nipatie na za mzee wangu,” Wacuka akasema. “Bado wanamtafuta. Wakimpata atakuwa amekaa sana bila dawa. Anaitwa Mbogo Kiragu.”

Kutoa habari za kifo ilikuwa kazi ya chifu na mchungaji, nao wangepita jioni. Nekoye alilijua hilo. Angeweza kutoa kopo la pili akanyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Mkono ulikataa.

“Walimpata asubuhi,” alisema. “Ni mimi nilimuosha uso. Pole, mama.”

Wacuka hakulia. Alifungua kopo, akameza kidonge bila maji, akarudisha kifuniko polepole.

“Kuna mtu amejua alikuwa anakunywa hizi?”

“Hakuna.”

“Basi isitoke hapa. Mama yake ako hapo nje na hajui. Wacha amzike tu mtoto wake.”

Nekoye akasema sawa. Alitaka kulia, machozi yakagoma kabisa. Wacuka alificha kopo ndani ya nguo, akajipangusa uso ambao ulikuwa mkavu, akatoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi Nekoye alimwona akiketi karibu na mama mkwe wake, akamshika mkono, akamwambia kwamba presha iko sawa tu.