Tui Katika Chupa ya Dawa

Tui lile nililichuja mimi, kwa mikono yangu hii. Na yeyote asemaye Jamaludin alikuwa na kinga mwilini, hirizi sijui ya wapi, na aniletee mimi maneno hayo. Hakuwa na kinga yoyote. Alikuwa na mke wa kumkunia nazi, basi.

Mwaka ule wa kabla ya uhuru, duka la nguo alimokuwa akiuza lilifungwa, akapata kazi kwenye gari la dawa ya mbu. Dawa yenyewe iliitwa Raha. Gari lilikuwa na vipaza sauti juu, likizunguka Kisauni yote, na mtangazaji wake, Nguma, alikuwa na ulimi, lo! Alisema, "Raha haidhuru mtoto! Haidhuru mzee! Ipigeni hata jikoni!" Kisha mume wangu hupanda juu ya sanduku, akamimina bilauri moja ya kitu cheupe kutoka kwenye chupa, akanywa yote mbele za watu. Watu hupiga makofi, wakanunua.

Raha ya kweli ikitiwa maji hugeuka nyeupe. Ile ya chupani ilikuwa tui jepesi, la maji ya mwisho, nami nje ya chupa nilipaka mafuta ya taa ili inuke kama dawa. Nguma ndiye aliyetufunza.

"Raha si sumu, shemeji," aliniambia. "Ni chungu tu. Mtu akikunja uso pale juu, hatuuzi."

Sikumwamini. Jirani yetu Mwarandu alipiga Raha nyumbani kwake, kuku wake wakadonoa mende waliokufa, wakafa banda zima, mapovu yakiwatoka midomoni. Akaenda gazetini kulalamika. Wakaandika, naam! Wakaandika kuku wa Kisauni wameuawa na ugonjwa wa kideri. Chini yake, ukurasa uo huo, picha ya mkebe wa Raha na mtoto anayecheka. Watu walikasirika mno. Walisema gazeti limelishwa, na redio nayo ni ya wakoloni wenyewe, na dawa hii imeletwa itumalize kabla bendera yao haijashuka. Mimi nilikuwa nikisikia hayo kisimani, nachota maji yangu narudi nyumbani.

"Bwana, iache kazi hii," nilimwambia Jamaludin.

"Niache tule nini, Samiha? Na wallahi, ingekuwa sumu wangetangaza redioni."

Maskini ya Mungu. Alikuwa ameyasikia maneno ya Nguma mchana kutwa mpaka yakamwingia.

Siku waliyokwenda Kongowea jua lilikuwa kali, na roho ikaniambia tui lile halitafika salama. Nikavaa buibui langu nikawafuata kwa miguu. Nilipofika uwanjani, Jamaludin keshamimina. Tui lilikuwa limekatika. Maji yamejitenga chini, mafuta juu, na mabonge yanaelea. Mtu wa bara ungemdanganya. Wanawake wa pwani utawadanganya kwa tui?

"He! Hilo tui!" Aliyesema ni Dhahabu, muuza samaki wa kupaka. "Jamani, hilo ni tui lililokatika! Mimi nalipika kila siku, nitalikosa?"

Uwanja ukachafuka. Watu wakalisogelea gari, wakalizunguka pande zote, wengine wameshaokota mawe. Mwarandu, kumbe naye amelifuata gari, akapenya mpaka mbele na mkebe wa Raha ambao haujafunguliwa, alioununua mwenyewe dukani.

"Fungua huu," akamwambia mume wangu. "Tia maji, unywe huu."

Nikamwona Nguma akimwinamia sikioni. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia. "Kunywa, haina neno. Usiponywa watatuua hapa." Na Jamaludin akaufungua mkebe. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mawe.

"Usinywe!" nikapiga kelele. "Jamani, mimi mkewe! Lile lilikuwa tui kweli, nimelichuja mimi nyumbani! Hajawahi kuonja dawa hiyo!"

Nguma akakidaka kipaza sauti. "Mwamsikia? Mkewe mwenyewe amekiri! La kwanza lilikuwa tui, sasa atakunywa la kweli mbele ya macho yenu!"

"Ni sumu!" nikasema.

"Kama ni sumu mbona mlituuzia?" mtu akanijibu. Wakacheka. Mwingine akasema nimekodiwa, kwamba kila kinachotoka na gari lile ni mchezo, hata machozi. "Anywe! Anywe!"

Nilisukuma watu, niliuma mtu mkono. Jamaludin akanitazama kwa upole, kama anayeniambia nitulie, nisimwaibishe. Akanywa yote.

Akafuta midomo, akatabasamu. Nguma akapaza sauti, "Mnaona?" na ghafla mikono ikanyooka kutaka mikebe. Walewale waliookota mawe! Dhahabu akanunua. Mwarandu akasimama pale na mkebe wake, anamkazia macho mume wangu.

Jamaludin alisimama mpaka watu wakaanza kutawanyika. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya gari, akaanguka. Nilipomfikia jasho lilikuwa linamtiririka, mate yanamtoka bila kukoma, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Suruali yake ilikuwa imelowa.

"Mtie garini upesi," Nguma akaninong'oneza. "Msitiri mumeo, shemeji. Tutasema ana kifafa. Tutampeleka hospitali watu wakishaondoka."

"Sasa hivi!" nikamwambia.

"Wakishaondoka."

Nikatoka mbio mbele ya gari. "Rudini! Mume wangu anakufa! Msiipige dawa hiyo majumbani!" Watu wakageuka, wakanipungia mkono. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Huyu naye ana sanaa," akaenda zake na mkebe wake.

Basi nikarudi nyuma ya gari. Jamaludin hakuwa mtu wa kutoka nje hata na kifungo kimoja wazi. Nikamshika makwapani, nikamburura na mate yake, na mkojo wake, mpaka katikati ya uwanja, juani, penye macho ya kila mtu.

Hapo hawakucheka. Mwarandu alikuja wa kwanza, akapiga magoti, akamtazama mdomoni. "Ndivyo walivyokufa kuku wangu," akasema. "Leteni gari! Leteni gari, nyie!" Watu wakarudi polepole, mikebe mkononi. Nguma alikuwa keshaliwasha gari, anaondoka.

Jamaludin akanishika ukingo wa buibui. "Nisitiri, mke wangu," akasema, kwa taabu. "Wananitazama."

Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa bado ameushika mkebe wake, hajaamua.

"Bado, bwana," nikamwambia. "Waache watazame."

Yule mama akauweka wake chini. Na Dhahabu. Na wengine. Wa mwisho alipouacha wake mchangani, nikalivua buibui langu nikamfunika mume wangu. Nilimfunika mpaka usoni, kwa kuwa hakuwa akinisikia tena.