Saa Nne za Usafi

Hakimu alitufuata sisi tusio na makao, mjini kwetu Waianae, akaketi nasi ukumbini bila joho. Alifuta mashtaka yangu yote kumi na manne ya kulala katika bustani ya umma baada ya muda wa kufunga.

"Anko Kimo, utafanya usafi kwa saa nne tu, basi."

Watu wakapiga makofi. Makofi ya nini, sijui.

Kesho yake msimamizi akanipa gunia, akanipeleka bustani ileile. Niliokota makopo mpaka tukafika kwenye turubai moja chini ya mti.

"Na hilo litie, anko."

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi? Tia, tumalize!"

Nikalikunja taratibu, pamoja na mto wangu na picha ya mama, nikalitia guniani.

Akasaini karatasi yangu. Sasa sina kosa lolote.