Wimbo wa Bibi Tiswahin

Rafif alisimama mbele ya meza ya fundi wa kompyuta Abu Qusay, Mtaa wa Sinaa, Baghdad. Kompyuta yake ililala kifudifudi, imepasuliwa, bodi nje kama utumbo wa samaki.

"Ilizimikaje, binti yangu?"

"Ilikuwa inajisasisha, ami. Umeme wa serikali ukakatika, mtaa ukahamia jenereta."

"Betri je?"

"Niliitoa. Ilivimba."

Abu Qusay akafyonza. "Mtu atoe betri, kisha asasishe, tena Baghdad hii! Si bora ungeipeleka Tigris ikaogelee?"

Rafif hakucheka. Mlemle ndimo ilimokuwa sauti ya Bibi Tiswahin wa vinamasi vya kusini, akiimba wimbo wa kubembeleza watoto. Aliirekodi kwa ajili ya utafiti wake wa chuo. Bibi amekwisha kufa. Nakala nyingine hapana. Kila siku Rafif alisema atainakili kesho. Na sasa Nasima, binti wa marehemu, amejifungua, anauomba wimbo wa mama yake amlazie mtoto.

Fundi aliibana chipu ya kuwashia mashine kwa kibanio chenye nyaya, akaisoma kwenye kompyuta yake. Programu ya kuwashia ilikuwa imeandikwa nusu, iliyobaki takataka. Akatafuta iliyo nzima, ya bodi kama ile.

"Nitaziba palipooza tu. Pengine siri za mashine, zile zinazofungua diski, zimesalimika."

Feni ikavuma. Kioo kikawaka. Rafif akajiziba mdomo kwa furaha, na furaha ikamfia papo hapo: maandishi meupe yalisema diski imefungwa, weka ufunguo.

"Siri zilikuwa palepale palipooza," Abu Qusay akanong'ona. "Lakini ufunguo wa akiba huwa upo. Hukaa mtandaoni, kwenye akaunti ya aliyeiwasha mashine siku ya kwanza. Akaunti yako ipi?"

"Sina. Wauzaji ndio walioiwasha. Nilipewa ikiwa tayari."

"Kwa akaunti ya duka?"

"Si ndivyo mfanyavyo nyote, ami?"

Fundi akainamisha kichwa. "Ndivyo tufanyavyo. Duka gani?"

Rafif akalitaja. Abu Qusay akatazama ng'ambo ya mtaa, lilipokuwa duka hilo; sasa palikamuliwa juisi ya komamanga. Akapiga simu ya mwenye duka, kisha ya kaka yake. Hazikupatikana. Akaiweka simu chini, akamsogezea Rafif kikombe cha chai.

Rafif akatoka mlangoni, akampigia Nasima. Akamweleza yote.

"Dada, naomba uimbe wewe. Niuandike angalau maneno."

Nyuma, mtoto alikuwa akilia.

"Najua mwanzo tu, mpenzi," Nasima akasema. "Mwisho sikuwahi kuusikia. Kila mara nilikuwa nimeshalala."