Karatasi Mbili za Sharon

Emerensiana aliingia ofisi ya ustawi wa jamii kifua mbele, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Kwapani alibana bahasha ya kaki yenye karatasi mbili, na mkononi alimshika Sharon, binti wa miaka saba, aliyevalishwa sweta mbili kwa sababu upepo wa Sumbawanga mwezi wa saba hauna adabu.

Alikuwa na haki ya kuja mbio. Loth, baba wa Sharon, mpakia mizigo wa bandari ya Kasanga, alitoweka mimba ikiwa na miezi minne. Adela, mama wa mtoto, alikuwa mpangaji wa chumba cha uani kwa Emerensiana, akafariki mtoto akiwa na miezi mitano. Kwa miaka yote hiyo Loth hakuleta hata kipande cha sabuni. Sasa ameibuka, ameoa, ameezeka bati, na Ijumaa anakuja na shangazi zake wawili kumchukua binti yake. Binti yake! Emerensiana alikuwa akilisikia neno hilo anatamani kutema mate.

"Shikamoo, mama," alisema Kalisti, afisa wa zamu.

"Marahaba, baba. Nimekuja nipewe mtoto kisheria."

Sharon alipelekwa kwenye benchi la nje. Huko akaanza kusoma mabango ya ukutani kwa sauti, silabi kwa silabi, maana tangu ajue kusoma hakuna maandishi yaliyosalimika. Nyumbani alisoma mifuko ya mbolea, makopo ya mafuta, hata khanga mgongoni mwa wageni.

Kalisti alitazama karatasi ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa. Mama: Emerensiana. Akatazama ya pili, kadi ya ubatizo kutoka parokiani. Mama: Adela. Msimamizi: Emerensiana. Kalisti alikuwa mtoto wa katekista. Alizisogeza karatasi zikakaa sambamba, akajikuna shingo.

"Mama, tangu lini mzazi akamsimamia mwanawe ubatizo?"

Emerensiana hakuelewa swali. Kwake karatasi zote mbili zilisema jambo lilelile. Adela, akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, ndiye aliyemwomba amsimamie mtoto, na kule kijijini kwao mama wa ubatizo si pambo, ndiye anayebaki na mtoto mzazi akiondoka. Ndiyo maana ameileta kadi. Na hicho cheti, walipita watu wa kuandikisha watoto pale kliniki, foleni ndefu, yeye akiwa na Sharon mgongoni. Wakauliza, "Mama wa mtoto?" Akajibu, "Ndiyo, mimi." Angejibu nini kingine?

"Hujanielewa," Kalisti alisema, kwa upole uliomtisha kuliko ukali. "Kwa cheti hiki wewe ni mzazi. Mzazi haombi mahakama impe mtoto wake. Loth akiomba vipimo vya damu, utaambiwa ulidanganya serikali."

"Basi kichane."

"Hakichanwi, mama. Inabidi ule kiapo kwamba hukumzaa, cheti kibatilishwe. Ndipo uombe malezi kama mtu aliyemlea. Hakimu atakusikiliza."

"Atanipa?"

"Atakusikiliza wewe, atamsikiliza na baba. Ahadi sina."

Emerensiana aliona maji yamemfika shingoni. Akinyamaza, cheti kitamfunga. Akisema kweli, anasimama mbele ya hakimu kama mama mwenye nyumba aliyewahi kupangisha chumba, na Loth anasimama kama baba. Aliona hasira, na chini ya hasira aliona aibu, kwa sababu neno moja alilolisema kwenye foleni akiwa na furaha ndilo lililomtia kitanzi.

Kitu kimoja hakumwambia Kalisti. Sharon mwenyewe hajui. Emerensiana alikuwa amepanga kumweleza akishapokea Komunyo ya kwanza, na kabla ya hapo alikuwa amepanga kumweleza akishaanza shule, na kabla ya hapo akishaota meno. Kila mara alipata sababu nzuri.

Walivuka barabara hadi steshenari ya Muhidin, anayechapa viapo vya nusu ya mji na kuvijua kwa moyo. Emerensiana alimweleza kwa kunong'ona, huku macho yakiwa kwa Sharon, aliyekuwa akisoma bei za madaftari. Muhidin alichapa bila kuuliza.

"Mpelekee wakili, mama. Utaapa na kusaini mbele yake. Saa kumi anafunga."

Emerensiana alikuwa bado anahangaika na fundo la khanga alilofungia hela wakati mashine ilipoitema karatasi. Sharon ndiye aliyekuwa karibu. Akaidaka kabla haijaanguka, akaishika kwa mikono miwili kama mwalimu alivyowafundisha, akaanza.

"Mi-mi, E-me-re-nsi-a-na..." Akacheka kuliona jina la mama yake. "Ni-na-a-pa kwa-mba mi-mi si-ye ma-ma m-za-zi wa m-to-to a-i-twa-ye Sha-ron."

Emerensiana alinyoosha mkono, mkono ukabaki hewani.

Sharon alirudi mwanzo wa mstari akausoma tena, safari hii kimya, midomo tu ikicheza. Kisha akainua uso.

"Mama, huyu Sharon ni wa wapi?"

Angeweza kumdanganya. Wapo akina Sharon wengi Sumbawanga. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na shangazi za Loth wasingemficha.

"Ni wewe, mwanangu," alisema. "Lete karatasi. Twende, wakili anafunga."

Sharon hakuitoa. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya sweta, akatangulia kutoka. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kutembea, alivuka barabara bila kumpa mkono.