Neno Ambalo Renita Alikataa Kulifuta

Siku mjukuu wangu Renita alipotetea tasnifu yake ya udaktari, kanisa letu la watu weusi la Montgomery, Marekani, lilimsindikiza kwa basi zima. Akina mama walivaa kofia zao za Jumapili. Mimi niliketi mbele, kwa kuwa sura ya tatu ilinihusu: kijana mweusi aliyeongoza kwa sauti yake mashambulizi ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chake, kisha katika timu ya kulipwa akaambiwa akimbie pembeni na kudaka mpira, kwani kufikiri uwanjani ilikuwa kazi ya mzungu.

Renita alieleza jinsi watangazaji wanavyomsifu mchezaji mweupe kwa akili na mweusi kwa misuli.

"Sema, mwanangu!" akapaza sauti Mama Ernestine, kiongozi wa kwaya.

"Waambie!" wengine wakaitikia.

Profesa Halvorsen, mwenyekiti wa jopo la watahini, akavua miwani. "Tafadhalini. Hapa si kanisani."

"Tumeona," akajibu Mama Ernestine. "Kanisani kuna feni."

Watu wakacheka. Profesa hakucheka. Alimtaka Renita aondoe neno "ubaguzi" katika sura ya tatu na kuandika "uamuzi wa kocha". Tena, alisema, mtu hamchunguzi babu yake. Mapenzi hupotosha ushahidi. Bila masahihisho hayo hangetia saini.

Nilitamani kumwashiria akubali, apate shahada kwanza. Akanitazama. Nikanyoosha mgongo, nikatikisa kichwa: usikubali.

"Profesa," akasema, "kocha alitamka mbele ya timu nzima kwamba kufikiri ni kazi ya mzungu, na mchezaji mweupe aliyecheza na babu ameyathibitisha maneno hayo humu tasnifuni. Wewe umeyachunguza makanisa yetu maisha yako yote, na hakuna aliyekuuliza kama unatupenda au unatuchukia. Neno langu silifuti."

"Amina!" ukumbi ukatetemeka.

Jopo likatoka kushauriana.

"Kuku wetu wa kukaanga watapoa huko kwenye basi," Mama Ernestine akanong'ona.

"Na wapoe," nikamwambia. "Haondoki mtu."

Waliporudi, Profesa Halvorsen alitangaza huku akitazama meza: wenzake wote wametia saini, Renita amefaulu, yeye peke yake amepinga.

Nikasimama. Sauti niliyokuwa nikipangia mashambulizi, ile makocha waliyojaribu kuninyang'anya ujanani, bado ninayo.

"Daktari Renita Tarpley!" nikaita, hata madirisha yakasikia. "Tangulia, sisi tunakufuata."