Vikombe vya Mstari wa Dhahabu

Jumanne saa kumi jioni, Anyesi alikuwa sebuleni kwake Nzuguni akimenya karanga, pale marehemu mumewe Sostenes alipobisha hodi mlango wa mbele. Alikuwa na miezi minane kaburini. Anyesi akamkaribisha, akamwonya asikanyage karanga. Kilichomkera ni kitu kimoja tu: katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Sostenes hakuwahi kupita mlango wa mbele. Njia yake ilikuwa uani, jikoni.

Akamtilia chai kwenye kikombe chake kilekile, cha plastiki, cha kijani, mkono umeungulia jikoni. Vidole vya Sostenes vikapita ndani ya plastiki kama vinapita kwenye moshi. Akajaribu tena. Wapi.

"Hicho cha mwenye nyumba," akasema taratibu. "Mimi sasa ni mgeni, mama Paulina. Kaburi langu liko kwa watu."

Kweli. Anyesi akatazama kabati. Mle mlikuwa na vikombe sita vyenye mstari wa dhahabu, alivyopewa siku ya harusi. Vilikuwa vimetoka mara nne. Mara moja kwa mchungaji. Mara tatu kwa wapimaji wa ardhi, mwaka 2014, mwaka 2019, na mwaka huu baada ya msiba. Mara zote tatu walichinjiwa jogoo. Hii ya mwisho, mkubwa wao aliisifu chai, akaomba aongezewe, kisha akatoka nje akachimbia bikoni ya mpaka upande huu wa kaburi, likabaki nje ya kiwanja. Sostenes naye aliwahi kuomba kimoja, sikukuu ya Krismasi. Aliambiwa aviachie wageni.

Anyesi akafungua kabati. Kikombe kikatulia mkononi mwa marehemu bila taabu. Jirani yao Mwamvua, aliyekuja kuomba chumvi, akamsalimia.

"Shemeji, umepungua. Huko hawakulishi?"

Sostenes akasema mlenda wanapika, ila karanga wanabania.

Ikawa anakuja kila jioni. Anabisha hodi, anakunywa, anashukuru, anaaga. Huko kushukuru ndiko kulikomuumiza Anyesi. Mume wa mtu hashukuru chai namna ile. Jumapili, alipotoka kanisani, akavishusha vikombe vyote sita, akavipanga uani kwenye kichanja, pamoja na masufuria. Jumatatu asubuhi akanywea uji, mchana akachotea maji mtungini. Kimoja kikamegeka mdomo.

"Acha kimegeke," akamwambia Mwamvua. "Vimekaa vizima miaka yote hii, vimenilindia nini?"

Jioni ile Sostenes akaingia kwa mlango wa uani, bila hodi, akauliza mbona chai haijaiva. Anyesi akamgeuzia mgongo, akachochea moto huku akitabasamu.

Mwezi uliofuata wapimaji wakarudi kuipaka bikoni rangi. Safari hii hakuna jogoo aliyechinjwa. Mkubwa wao akapewa kile kikombe cha kijani, akakishika vizuri tu. Akaisifu chai, akaomba aongezewe. Anyesi akamuuliza habari ya kaburi. Akajibu kwamba ramani imeshapita, mama, haina tena pa kurekebisha.

"Mama Paulina," Sostenes akaita kutoka jikoni, ameketi kwenye kigoda na kile kikombe kilichomegeka, "sukari umeiweka wapi?"

Bikoni iko palepale hadi leo, imepakwa rangi nyekundu. Kila jioni, akija nyumbani, Sostenes huiruka.